Upande wa Pili wa Mtande

Itto alirudi kutoka chemchemini mgongo ukimuuma, sketi imelowa hadi magotini, na madumu ya maji yakigongana ubavuni mwa nyumbu wake. Neno la kwanza alilopokelewa nalo pale kijijini Ayt Umlil lilikuwa pongezi.

"Leo umeshika kazi, mama Tuda," jirani yake Heniya alimwambia kutoka juu ya paa, alikokuwa akianika vipande vya tufaha. "Tangu asubuhi chanuo lako la kufumia halijanyamaza. Utaumwa mabega."

Itto alidhani anataniwa. Akajibu kwamba mabega yanamuuma kweli, lakini kwa madumu, maana asubuhi nzima alikuwa chemchemini akifua sufu. Heniya akacheka, kicheko cha mtu anayemsikia mwenzake akikana kuwa ana nyama chunguni.

Ndani kulikuwa kimya. Kitanda cha mfumi kilisimama pale pale karibu na dirisha dogo. Nyuzi za mtande, nyeupe, zilikuwa zimekazwa wima kutoka mti wa chini hadi mti wa juu, na kitambaa kilikuwa kimepanda urefu wa kiganja, kama alivyokiacha. Mfumi hukaa mbele. Nyuma, kati ya mtande na ukuta, palibaki upenyo ambao hata paka alijipinda kuupita. Chanuo la chuma, lile zito la kugandamizia nyuzi, Itto alikuwa amelitundika ukutani. Sasa lilikuwa sakafuni. Alipoliokota lilimuuma vidole kwa baridi, baridi ya kitu kilicholala nje wakati wa theluji, na nje shayiri ilikuwa inavunwa.

Akamfikiria Tuda, binti yake, lakini Tuda alikuwa amepeleka mbuzi mlimani tangu alfajiri. Akalitundika chanuo mahali pake, akawasha moto.

Joho alilokuwa akilifuma lilikuwa la harusi ya huyo Tuda. Huko kwao biharusi hatoki nyumbani bila joho la michirizi lililofumwa na mikono ya mama yake. Ndilo humfunika njia nzima akiwa juu ya nyumbu, na wanawake wa upande wa mume hulishika pindo na kuligeuza huku na huku kabla hata ya kumtazama msichana usoni. Tuda alikuwa anaolewa na Zayd wa Taghbalut, kijiji cha ziwa la chini. Walipendana wenyewe wakichunga, jambo ambalo si kila mzazi alilifurahia, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa na sukari ya uchumba imekwisha kuvunjwa. Basu, mume wa Itto, alikuwa amenyoa kundi zima kwa ajili ya joho hilo, kisha akapanda na kondoo wake kwenye malisho ya kileleni.

Basi Itto akafuma. Alifuma asubuhi, alifuma baada ya kukanda unga, alifuma mchana jua lilipopiga dirishani. Aliona kwa macho yake safu inalala juu ya safu, nyekundu, nyeusi, nyeupe, na aligonga kwa chanuo mpaka kitambaa kikawa kigumu kama ngozi. Kisha akatoka kuoka mkate, na aliporudi kitambaa kilikuwa urefu wa kiganja.

Hakikuwa kimefumuliwa. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Angekuta nyuzi chini angejua kuna mkono wa hasidi au panya au mtoto wa mtu. Hapakuwa na uzi hata mmoja chini, na mabonge ya sufu yalikuwa yamepungua kama yanavyopungua kwa mtu aliyefanya kazi. Kazi ilikuwa imefanyika. Haikuwapo tu.

Kesho yake ikawa hivyo, na siku iliyofuata. Na kila alipotoka, hata kama ni kwenda zizini na kurudi, majirani walilisikia chanuo. Walianza kuzungumza. Mwanzoni walisema Itto ni mchapakazi, kisha wakaja kuchungulia ile kazi, wakaona kiganja kimoja cha kitambaa, wakatazamana. Mmoja akauliza kwa upole kama macho yake yanamsumbua. Mwingine akasema wanawake wengi wakifika umri ule mikono husahau. Itto, ambaye nusu ya wanaharusi wa kijiji kile walitoka wakiwa wamevaa michirizi aliyoipanga yeye, alisimama katikati yao akiwa na chanuo mkononi asijue amrushie nani.

Basu aliposhuka kuchukua unga, Itto alimweleza. Alimweleza polepole, kwa mpangilio, jinsi mtu anavyomweleza hakimu. Basu alikula mkate wake, akasikiliza, akacheka kidogo, kisha alipokwenda kutazama kapu la sufu akaacha kucheka.

"Kondoo wote wale," akasema. "Itto, kama hutaki Tuda aende Taghbalut, sema. Usinimalizie sufu."

Itto akamwambia akae basi amtazame akifuma. Basu akasema ana kondoo kule juu na mbwa mmoja tu wa kuwalinda. Akafunga gunia lake, akapanda, na Itto akabaki kumwangalia akipungua njiani kuelekea mlima Umlil. Kilele kilikuwa wazi siku hiyo, cheupe kwa mawe yake, na mchana ule mlio wa chanuo ulianza kabla Itto hajageuka kuingia ndani.

Safari hii aliusikia mwenyewe. Alisimama kizingitini, mkono kwenye mlango. Haukuwa mlio wa ovyo. Ulikuwa wa fundi, mapigo mazito yaliyopangwa vizuri, na baada ya kila safu palikuwa na kituo kifupi, kile cha kupitisha uzi, ambacho mwanafunzi hukirefusha na fundi hukifupisha. Itto alijua mwendo ule. Ulikuwa wake. Akasukuma mlango na mlio ukakatika, na chumba kizima kilinuka sufu mbichi na jiwe lililoloa, harufu ya kule juu, karibu na kidimbwi cha kileleni, mahali ambapo barafu hukaa kivulini mpaka kiangazi.

Akatamka bismillahi. Akamwaga chumvi kwenye pembe za chumba. Akafunga kisu kwenye mti wa chini wa kitanda. Joho halikupanda.

Wakati huo ndipo alipokuja Izza, mama yake Zayd, na mafungu ya tende na sukari, kama adabu inavyotaka, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha mfumi. Alikunywa chai. Akasifu chai. Kisha akauliza kama lile ndilo joho au ni jaribio la joho.

"Njiani nimewasikia wanawake wakisema mlio wako unafika mpaka ziwani," akasema. "Kumbe wenzetu wa huku juu mnafuma sauti. Sisi kule chini tumezoea kuvaa sufu."

Itto akasema litakuwa tayari.

"Bila shaka. Kupura shayiri kukiisha tutakuja kumchukua. Tukikuta bado tunasikiliza, dada yangu, utatusamehe. Zayd ana binamu, na mama wa binamu yake joho alishalikunja zamani."

Alipoondoka, Itto alikaa mbele ya mtande wake bila kugusa kitu. Alitaka kulia, hasira ikakataa. Alikuwa amechoka kujiuliza amekosa nini. Angejua alichokosa angekitengeneza, maana mambo ya kutengenezeka hayakuwahi kumshinda.

Jioni jua likiwa bado ukutani, Tuda alitoka chumba cha ndani akijifunga kitambaa cha kichwa. Nywele zake zilikuwa na unyevu. Itto akamwuliza kama ameoga na maji ya baridi, Tuda akasema hajaoga. Akasimama kidogo, akiwa na haya kama mtu anayetaka kulalamika kwa mkubwa wake, kisha akasema, "Mama, kesho ukinipima tena, pasha mikono yako moto kwanza. Leo ilikuwa ya baridi mno."

"Nikupime nini?"

"Mabega. Na kutoka shingoni mpaka magotini. Si unanipima kila siku pale nyuma?" Akaonyesha kwa kidevu upenyo kati ya mtande na ukuta. "Mimi nasimama tu. Leo umesema inatosha, tunalingana."

"Tunalingana, nani na nani?"

"Mimi na binti yako mwingine." Tuda akamtazama mama yake usoni, na lile alilolikuta pale likamfanya ashushe sauti. "Nilidhani unatania, mama. Si ulikuwa unatania?"

Itto hakuwa na binti mwingine.

Siku hiyo alimshika Tuda mkono, ukiwa wa baridi kama lile chanuo, akampeleka kulala kwa Heniya, na asubuhi akaenda kumwita fakihi wa msikitini, aliyeitwa Si Hsayn, mtu mpole mwenye ndevu nyembamba na kikohozi. Fakihi alikuja, akavua viatu, akawasha ubani, akaanza kusoma. Alisoma vizuri. Itto alikaa pembeni akihisi moyo unatulia, mpaka alipotambua kwamba chanuo lile ukutani linatikisika kwenye msumari wake, linagonga ukuta taratibu, na kwamba halipingani na kisomo, linakifuata, kila mwisho wa aya pigo, kila pumzi kituo. Fakihi naye akatambua. Hakuacha, lakini alianza kwenda mbio, na chanuo likaenda mbio, na mwisho akafunga kitabu akiwa na jasho.

Kisha akauliza maswali. Aliwahi kumwaga maji ya moto bila kutaja jina la Mungu? Aliwahi kuruka moto, kupiga paka, kukaa chemchemini jua linapokuchwa? Alimwonea mtu wivu? Alikuwa na kinyongo na ndoa hii? Itto alijibu hapana, na hapana, na hapana, na kila hapana ilitoka kali kuliko iliyotangulia, hata akaona aibu kumjibu hivyo mtu wa dini. Si Hsayn akamwandikia hirizi ya kufunga kwenye kitanda cha mfumi na kombe la kunywa, aya za wino zilizooshwa kwa maji. Kombe aliliacha bakulini karibu na mtande ili lisomewe tena kesho yake. Asubuhi walilikuta limeganda kuwa barafu ngumu, wino ukiwa ndani yake kama mdudu. Fakihi alilitazama akiwa mlangoni, akasema atarudi na kitabu kingine. Hakurudi.

Aliyerudi ni Basu. Alishuka mlimani katikati ya juma, jambo ambalo hakulifanya kamwe, bila mzigo na bila mbwa, akakaa juu ya gogo uani na kuomba maji. Itto akampa. Alikunywa yote, kisha akasimulia akiwa ameangalia chini.

Alikuwa amefuata kondoo mpaka kidimbwini, pale juu kabisa. Jua lilikuwa kali. Kwenye mawe ya ukingoni akaona joho limeanikwa, limefumwa zaidi ya nusu na bado lina nyuzi za mtande upande mmoja. Michirizi ilikuwa ya Itto, ule mpangilio wake wa nyekundu mbili kwa nyeusi moja ambao hakuna mwingine anayeutumia. Alidhani amelipeleka kwa mtu, akakasirika, akaenda kuliokota. Alipokaribia, wingu likashuka ghafla, akasikia mtu akikung'uta nguo yenye maji, hatua chache tu mbele yake. Wingu lilipoondoka palikuwa na mawe yaliyoloa na harufu ya sufu.

"Nililiona, Itto," akasema. "Wallahi niliona kazi yako."

Itto alisimama na kopo tupu mkononi. Alikuwa amengoja siku nyingi mtu amwamini, na sasa alipoaminiwa hakuona raha yoyote.

"Kwa hiyo sasa ni kweli," akasema. "Imebidi uione wewe."

Basu akainuka. Alichukua kopo mkononi mwake, akaenda kumfungia nyumbu tandiko bila kuambiwa.

Ng'ambo ya ziwa la juu, mbali na nyumba za watu, aliishi mwanamke mzee aitwaye Tlaitmas, aliyeunga mifupa na kuzalisha wanawake, na ambaye watu walimfuata kwa mambo ya wale wengine, wasioonekana, walipokwisha kuhangaika kote. Itto alimkuta akichambua majani ya dawa. Alimweleza yote, na alipofika mwisho akaongeza, kwa uchungu, kwamba kama anataka kumwuliza alichokosa aanze tu, amezoea.

Tlaitmas akasema haulizi. "Mtu akipenda mkono wako, wewe umekosa nini? Yule ana binti, na wewe una binti. Ameona michirizi yako, ameitaka. Wao wanaoa na kuolewa kama sisi."

Itto akauliza inakuwaje anafuma yeye na joho linakua kwingine. Mzee akamwonyesha kwa vidole vyake. Mtande ni mmoja, una pande mbili. Itto anakaa upande huu, yule anakaa upande ule. Kila safu inayopita inavutwa kule. Siku joho litakapokamilika, litavaliwa na binti wa kule, na kwa kuwa lilipimwa kwa mwili wa Tuda, haijulikani mwili wa Tuda utabaki na nini cha kuvaa, na hapo mzee hakumaanisha nguo.

"Likate," akasema.

Itto akasema joho halijaisha. Kila mwanamke wa Ayt Umlil anajua kwamba kitambaa kikitandwa kimezaliwa, na kikikatwa kinakufa. Ndiyo maana siku ya kukikata hunyunyiziwa maji na kutamkiwa shahada, kama anavyotamkiwa mtu anayekata roho. Kukikata kabla ya wakati ni kuua kinachokua.

"Ndiyo," akasema Tlaitmas. "Kata lako, na lake linakatika. Likate mchana, maana usiku hutajua mkono upi ni wako. Ataongea nawe. Usimjibu. Si kwamba jibu lina uchawi. Ukimjibu tu, utamwonea huruma."

Asubuhi ya siku aliyoichagua, Umlil haukuonekana. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka kileleni likafunika malisho, likafunika ziwa, likaja mpaka uani na kuingia mlangoni kama mgeni aliyezoea nyumba. Tuda alikuwa kwa Heniya. Basu alitaka kukaa chumbani, lakini mwanamume hakai palipo na kitambaa kinachokatwa, basi akakaa nje ya mlango akiwa na shoka mapajani asijue la kulifanyia.

Itto akakaa mahali pake mbele ya mtande. Kisu kulia, bakuli la maji kushoto. Kitambaa kilikuwa bado urefu wa kiganja. Akachovya vidole, akanyunyiza. Akaanza kutamka maneno.

Harufu ilikuja kwanza, jiwe na sufu. Kisha nyuzi za mtande zikakazika, zikaimba kidogo, jinsi zinavyofanya mtu anapoegemea upande wa pili. Hakuinua macho. Akashika uzi wa kwanza wa pembeni, akaukata, nao ukaruka juu kwa mlio mdogo, akakata wa pili, akakata wa tatu, na alipofika kwenye fungu la nne vidole vilipita kati ya nyuzi kutoka upande wa pili na kutulia juu ya vyake, vyembamba, vya baridi, vyenye sugu pale pale alipokuwa na sugu yeye, kwenye ubavu wa kidole cha shahada ambapo uzi hupita miaka yote.

"Bado kidogo tu," sauti ikasema. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile anayoitumia kumbembeleza mtoto asilie. "Bado safu chache, Itto. Nilikuachia kiganja. Ningekurudishia sufu yote majira yajayo."

Itto akakata.

"Wangu anaolewa siku moja na wako. Ameshapakwa hina. Wakwe wameshafika, wamekaa hapa kando ya maji wanasubiri, wananisema, Itto, wananisema kwamba sijui kufuma, kwamba mikono yangu imesahau, na wewe unajua kusemwa hivyo kunavyouma, hakuna ajuaye kama wewe."

Na Itto alijua, na kwa sababu alijua machozi yalimtoka, lakini mkono haukusimama, ukawa unakata uzi baada ya uzi na vile vidole baridi vikishika uzi baada ya uzi kujaribu kuufunga tena, vikifunga haraka kuliko vidole vya mtu, fundo na fundo na fundo, naye akikata juu ya fundo, akitamka shahada, akipoteza mahali alipofika na kuanza upya, huku wingu limejaa chumbani hata haoni kisu chake, anajua tu kwa mlio kwamba uzi umekatika, na ile sauti iliyokuwa yake ikaacha kuwa yake, ikawa ya mwanamke mwingine, mkubwa kuliko yeye, anayeita jina ambalo halikuwa la mtu yeyote wa Ayt Umlil, analiita kwa juu, kwa juu zaidi, jinsi mama anavyomwita mtoto aliyemwona akianguka, mpaka uzi wa mwisho ukakatika, na kitambaa kikamwangukia Itto mapajani, kikiwa kizito na kimelowa.

Basu alipoingia, wingu lilikuwa linatoka kupitia dirishani. Mkewe alikuwa amekaa na kitambaa mapajani, na hakikuwa kiganja kimoja. Kilikuwa nusu joho, la kufika kiunoni, michirizi yote mahali pake. Pindo la juu lilikuwa na mafundo madogo madogo, yasiyohesabika, yaliyofungwa vizuri.

Harusi ilifanyika. Tuda alitoka nyumbani akiwa juu ya nyumbu, joho likimfunika mabega na kuishia kiunoni, na njia nzima kuzunguka ziwa la juu mpaka la chini wanawake walipiga vigelegele na kunong'onezana kwa zamu. Izza alilishika pindo, akaligeuza huku na huku. Akasema ni fupi, lakini hajapata kuona mafundo kama yale. Zayd hakulitazama joho. Alimtazama Tuda, na Tuda, ambaye mikono yake ilikuwa imerudi kuwa ya moto, alimtazama yeye. Hilo Itto aliliona na likamtosha.

Hakumwambia binti yake alichosikia siku ile. Kijijini ilisemwa kwamba hirizi ya Si Hsayn ndiyo iliyofanya kazi, ilichelewa tu, na watu walimpelekea fakihi kuku na siagi. Itto alisikia akawaacha. Mwezi mmoja nyuma angewafuata nyumba kwa nyumba kuwasahihisha. Sasa hakuona angewaambia nini.

Theluji ya kwanza ilipokaribia, alipanda Umlil kumsaidia Basu kushusha hema na kondoo. Wakiwa wanafunga mizigo akachukua ndoo kwenda kuchota maji kidimbwini. Hakuwa amefika pale tangu alipokuwa msichana. Kutoka ukingoni aliyaona maziwa yote mawili chini, na vijiji vidogo kama makombo, na moshi wa Taghbalut ukipanda.

Kando ya maji palikuwa na mawe yaliyopangwa. Yalienea urefu wa msichana, na jiwe la kichwani na la miguuni yalikuwa yamesimamishwa kama yanavyosimamishwa kwenye kaburi la mwanamke. Katikati, udongo ulikuwa bado haujatulia, na kati ya mawe palichungulia kipande cha sufu ya michirizi, nyekundu mbili kwa nyeusi moja.

Itto akakumbuka lile jina lililoitwa siku ya kukata, akaweka ndoo chini.

Basu alimwita kutoka mbali akiuliza anafanya nini, wanyama wamekwisha kufungwa, mvua inakuja. Itto akamjibu kwamba kuna msiba.

"Wa nani?"

"Wa jirani," akasema, na akakaa chini juu ya mawe ya baridi jinsi mtu anavyokaa matangani, mikono mapajani.

Alikaa pale mpaka wingu lilipoanza kushuka kutoka kileleni. Ndipo akainuka, akachukua ndoo yake, akashika njia. Hakugeuka, kwa sababu nyuma yake alisikia mtu mwingine naye akiinuka polepole, akikung'uta nguo yenye maji, na kumfuata hatua kwa hatua, kama mwenye msiba anavyomsindikiza mgeni aliyekuja kumpa pole.